Kwa nini kisima hufungwa kabla ya majibu ya maabara kutoka

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Masika yaliyopita watu wa shehia yetu walianza kuharisha na kutapika. Siku ya nne ndipo walipokuja watu wa afya. Waliandika majina, wakauliza kila mmoja alikula nini na alichota maji wapi, wakachukua choo cha wagonjwa watatu tu, wakafunga kisima na kukataza juisi na vyakula vya barabarani. Majibu yalikaa siku kadhaa, na hakuna aliyetamka neno kipindupindu mpaka yalipotoka. Maneno yakawa mengi mitaani. Naomba kueleweshwa: Wizara inajuaje kama maradhi yameingia? Nani anaamua kwamba huu ni mripuko? Kwa nini wapimwe watatu tu, na kisima kifungwe bila ya majibu? Na sisi walimu kazi yetu ni ipi?

JIBU: Maalim, nitayajibu yote, lakini nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita: siku ya nne. Vijidudu vya kipindupindu humwangusha mtu kati ya saa 12 na siku 5 tangu avimeze, na wengi huugua ndani ya siku mbili tatu. Maana yake, katika siku tatu zilizopita kabla ya timu kufika, wagonjwa wa mwanzo walikuwa wameshawaambukiza wa pili, na wa pili wako njiani kuwaambukiza wa tatu. Kila hatua uliyoiona baadaye, ya kisima, ya juisi, ya majina, ilikuwa ni kukimbilia siku hizo zilizokwisha kupotea. Kwa hiyo tuangalie kwanza zinapotea wapi.

Wizara ya Afya Zanzibar husikia maradhi kwa njia mbili. Ya kwanza ni vituo vya afya. Kila kituo huhesabu wagonjwa wa maradhi yaliyomo kwenye orodha maalumu, kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, na hesabu hiyo hupelekwa wilayani mwanzo wa wiki inayofuata, siku hizi kwa simu au kompyuta. Huu ni utaratibu ambao nchi za Afrika zilikubaliana chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1998, na Tanzania, Bara na Visiwani, inaufuata. Kituo ambacho hakikupata mgonjwa hata mmoja kinatakiwa kuandika sifuri na kuituma. Sifuri iliyoandikwa inamwambia ofisa wa wilaya kwamba mtu alitazama na hakuona kitu. Nafasi tupu haimwambii chochote: pengine hakuna maradhi, pengine muuguzi yuko likizo, pengine mtandao umekatika. Ndiyo maana wilaya hupimwa kwa mambo mawili, vituo vingapi vimeripoti na vingapi vimeripoti kwa wakati, na lengo la kawaida ni asilimia 80 kwa yote mawili.

Yako maradhi ambayo hayangoji wiki iishe. Kipindupindu, tauni, homa ya manjano, homa za virusi za kutoka damu kama Marburg, mtoto aliyepooza ghafla mkono au mguu: hayo mgonjwa mmoja tu anatosha, na taarifa iende wilayani kwa simu ndani ya saa 24, kwa shaka tu, bila ya kungoja maabara.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamwona aliyekwenda kituoni. Asiyekwenda haonekani. Na kwetu wengi hawaendi siku ya kwanza: mtu anaharisha, anakwenda duka la dawa ananunua vidonge, anakunywa madafu, anangoja. Mvuvi aliye dago, yaani kambi ya wavuvi, anapougua, wenzake humpakia mashuani wakamrejesha kwao, akahesabiwa shehia ambayo siyo aliyoambukizwa, au asihesabiwe kabisa. Hapo ndipo inapohitajika njia ya pili, ambayo ni habari za matukio. Sheha, wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, imamu, muuza dawa, mwalimu: hawa hawatakiwi kujua jina la maradhi. Wanatakiwa kupeleka habari ya kitu kisicho cha kawaida. Watu wawili wa nyumba moja wameharisha maji mpaka wakashindwa kusimama. Duka limemaliza chumvichumvi za kuongeza maji mwilini kwa siku moja. Kuku wa mtaa mzima wamekufa.

Ubora wa njia hii ni kwamba inakamata hata yale ambayo hayamo kwenye orodha. Machi 2024 katika Kisiwa Panza, Wilaya ya Mkoani, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Mtu angeweza kudhani maradhi ya kuambukiza. Ilipoulizwa walikula nini, ilikuwa nyama ya kasa, ambayo mara nyengine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa na isiyo na dawa ya kuivunja. Tukio kama hilo lilikwisha tokea Pemba Novemba 2021, wakafariki watu saba. Katika sumu ya namna hii klorini haisaidii kitu na kisima hakina kosa. Kinachookoa ni kuzuia nyama iliyobaki isiendelee kugawiwa majirani, kuwatafuta wote walioonja kabla hawajazidiwa, na kukumbuka mama anayenyonyesha, kwa sababu sumu hii hupita kwenye maziwa. Swali la "mlikula nini" linaloonekana la kipuuzi ndilo linalotenga sumu na maradhi ya kuambukiza katika saa za mwanzo.

Habari ikimfikia ofisa wa ufuatiliaji wa maradhi wa wilaya, anatakiwa aihakiki siku hiyo hiyo. Atauliza: aliyeona ni nani, ameona mwenyewe au ameambiwa? Wangapi? Wa kwanza aliugua siku gani? Wapo waliofariki? Wanatumia nini kwa pamoja: kisima, harusi, hitima, boti? Maswali haya huchukua dakika kumi, na mara nyingi habari hubainika kuwa ya kawaida na faili likafungwa. Hiyo si hasara. Wilaya ambayo kila habari yake ya mitaani hutokea kuwa kweli ina maana inaletewa habari zikiwa zimeshakomaa.

Kipimo kinachotumika sasa na nchi nyingi huitwa saba, moja, saba: mripuko ugunduliwe ndani ya siku 7 tangu mgonjwa wa kwanza aanze, taarifa ifike kwenye mamlaka ndani ya siku 1 tangu kugunduliwa, na hatua zote za mwanzo ziwe zimekamilika ndani ya siku 7 tangu taarifa. Kwa kipimo hicho, siku nne za shehia yako si mbaya. Kwa kipindupindu cha masika, na visima vya kwetu, mimi naziona nyingi. Ukitaka kujua zilipopotea, tafuta tarehe tatu: siku mgonjwa wa kwanza alipoharisha, siku alipofika kituoni, na siku wilaya ilipopigiwa simu. Kama pengo kubwa liko kati ya ya kwanza na ya pili, tatizo liko majumbani. Likiwa kati ya ya pili na ya tatu, liko kituoni, na dawa yake ni nyengine kabisa: mara nyingi mtumishi aliogopa kuonekana mzushi akangoja mgonjwa wa pili, akangoja wa tatu.

Sasa timu imefika. Kabla ya kuhesabu, lazima wakubaliane nani ahesabiwe. Hii huitwa tafsiri ya mgonjwa, na kila mwenye kalamu anatakiwa aishike moja. Pale ambapo mripuko haujathibitishwa, mgonjwa wa kushukiwa kipindupindu ni mtu wa miaka 2 au zaidi aliyeharisha maji ghafla na kukaukiwa sana na maji mwilini, au aliyefariki kwa kuharisha huko. Kuharisha maji maana yake choo cha majimaji kisicho na damu, mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Mripuko ukishathibitishwa, sharti la kukaukiwa sana huondolewa, na hapo hesabu hupanda kwa siku moja. Watu husema maradhi yamezidi. Huenda hayakuzidi, ila mlango wa kuhesabia umepanuliwa, na atoaye takwimu ana wajibu wa kulisema hilo waziwazi.

Ule uandikaji wa majina ndio moyo wa kazi. Kila mgonjwa huwa na mstari wake: nambari, majina matatu, umri, jinsia, shehia na kitongoji, kazi, tarehe aliyoanza kuugua, tarehe aliyofika kituoni, hali ya maji mwilini, kama amechukuliwa sampuli, majibu, na mwisho wake, amepona, amehamishwa au amefariki. Kazi hii huharibiwa na makosa madogo madogo. Kina Juma, Hamad na Kombo wamejaa kila mtaa, basi bila ya jina la tatu na nyumba, mtu mmoja huandikwa mara mbili au watu wawili wakawa mmoja. Tarehe ya kufika kituoni huandikwa mahali pa tarehe ya kuanza kuugua. Mvuvi huandikiwa shehia ya kwao badala ya dago alilolala wiki nzima. Kosa la tarehe ndilo baya zaidi, kwa sababu mchoro wote unaofuata hutegemea hiyo.

Mchoro wenyewe ni sahali: siku kwenye mstari wa chini, na kila mgonjwa kiboksi kimoja juu ya siku aliyoanza. Viboksi vikipanda ghafla na kushuka ndani ya siku chache, watu walikutana na chanzo kimoja kwa wakati mmoja, kama chakula cha shughuli. Vikiendelea kwa usawa siku baada ya siku, chanzo bado kiko wazi na watu wanakirudia kila siku, kama kisima. Vikija kwa mawimbi, kila wimbi kubwa kuliko lililopita, maradhi yanapita mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Pamoja na mchoro huo huwekwa ramani, hata ya kuchorwa kwa kalamu nyuma ya karatasi: msikiti, skuli, visima, vyoo, na alama kwa kila nyumba yenye mgonjwa. Tena huulizwa na wazima. Wagonjwa tisa kati ya kumi wakichota kisima kimoja, hilo bado si ushahidi, maana huenda shehia nzima wanachota hapo hapo. Huwa ushahidi pale wazima wa jirani wanapokuwa wanachota kwengine. Kwa hiyo ulipoona wanamsumbua mtu asiyeugua kwa maswali, walikuwa wanafanya kazi iliyo sawa.

Nije kwenye wale watatu.

Maabara haimpimi mgonjwa ili atibiwe. Mgonjwa wa kipindupindu hutibiwa kwa kiasi cha maji aliyopoteza, na kwa hilo inatosha kumtazama macho, kumvuta ngozi ya tumbo na kumpa kikombe uone kama anaweza kunywa. Aliyekauka sana mwenye uzito wa kilo 50 anahitaji lita 5 za dripu ya Ringer ndani ya saa 3: lita moja na nusu katika nusu saa ya mwanzo, na lita tatu na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata. Anayeweza kunywa apewe maji ya chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kosa linaloua ni dripu kwenda polepole kama ya mgonjwa wa malaria. Kwa matibabu yanayokwenda hivi, wanaofariki hawatakiwi kufika mmoja kwa kila wagonjwa mia. Hakuna hata hatua moja hapo inayongoja jibu la maabara.

Maabara inajibu swali la shehia: hiki kinachozunguka hapa ni nini? Kwa swali hilo, sampuli chache zilizochukuliwa vizuri zinatosha, na sampuli thelathini zilizochukuliwa vibaya hazitoshi. Vizuri ni hivi. Achaguliwe mgonjwa aliyeanza karibuni, ambaye bado hajameza dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu dozi moja ya doxycycline inaweza kuifanya sahani ya maabara iwe tupu na wote wakadanganyika. Pamba ichovywe kwenye choo kipya, iingizwe mpaka chini kwenye chupa ya Cary-Blair, yaani ute wa kuhifadhi vijidudu safarini, kijiti kikatwe, kifuniko kifungwe barabara. Jina na nambari viandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko huchanganyika. Na chupa isafiri kwenye joto la kawaida, bila ya barafu. Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Wamezoea kwamba chanjo na damu huwekwa baridi, lakini kijidudu cha kipindupindu baridi humuua, na ndani ya Cary-Blair anaishi kivulini mpaka siku saba.

Kipo pia kipimo cha haraka, kijikaratasi kinachojibu chini ya nusu saa. Kinafaa kupiga kengele: kikionesha ndiyo kwa mtu mmoja, timu itoke. Hakifai kutangazia nchi, kwa kuwa hukosea kwa pande zote mbili.

Pemba, Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Sampuli ya kipindupindu huanzia kwenye maji ya peptoni ya alkali kwa saa sita hadi nane ili vijidudu vizaliane, kisha humwagwa kwenye sahani ya TCBS, yaani chakula maalumu cha kuoteshea vijidudu hivyo, na kulazwa usiku mzima. Vikiota vidoa vya manjano, bado si jibu. Vihamishiwe sahani nyengine, vilale tena, kisha vijaribiwe kwa maji maalumu ya kutambua kama ni O1, aina ya kijidudu inayoleta miripuko, na kama ni tawi lake la Ogawa au la Inaba. Hizo ni siku mbili mpaka tatu tangu chupa kufika, na siku moja zaidi kujua dawa gani bado inaua. Hakuna anayezificha siku hizo mfukoni. Wadudu hawaoti kwa kuharakishwa.

Basi kwa nini kisima kisingoje? Pima hasara mbili. Kisima safi kikifungwa siku tatu bila ya sababu, watu wametembea mbali zaidi na wamechoka. Kisima kichafu kikiachwa wazi siku tatu, unazaliwa mzunguko mwengine wa wagonjwa. Na ardhi yetu inazidisha hatari: sehemu kubwa ya visiwa hivi, hasa upande wa mashariki, ni mawe ya matumbawe yenye mianya. Maji ya karo na ya choo cha shimo hayachujwi na udongo kama yanavyochujwa kwengine, hupita moja kwa moja kwenye ufa mpaka kisimani, na mvua kubwa huyasukuma. Ndiyo sababu ya masika kuwa ndugu wa kipindupindu kwetu. Mripuko wa kwanza ulioripotiwa Zanzibar, mwaka 1978, ulikuwa kijiji cha wavuvi, wagonjwa 411 na waliofariki 51. Ule wa 2015 na 2016 ulipita wagonjwa 4,000, na Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, Serikali ilifunga skuli.

Lakini kufunga kisima bila ya kuleta maji mengine ni kosa, na nalisema hili kwa uzito. Watu watachota usiku, au watakwenda kwenye shimo lililo baya zaidi. Kiasi cha chini wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Shehia ya watu 1,200 inahitaji lita 18,000 kila siku, na hizo ziwe zimeshapangwa na Mamlaka ya Maji, kwa boza au kwa bomba, kabla ya kamba kufungwa kisimani.

Kutia klorini kisimani kunahitaji hesabu. Kisima cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 3 kina takribani lita 3,400. Kwa miligramu 50 za klorini kwa kila lita, unahitaji gramu 170 za klorini halisi, yaani karibu gramu 240 za unga wenye nguvu ya asilimia 70. Huchanganywa kwanza kwenye ndoo ya plastiki, humwagwa na kukorogwa, na kisima hukaa saa 12 hadi 24 bila ya kuchotwa, kisha hutolewa maji mpaka harufu kali iondoke. Anayekisia kwa kiganja hupata moja kati ya mawili: maji yasiyobadilika, au maji yanayonuka hata watu wakayakataa na kurudi kwenye dimbwi. Na hata ikifanywa sawasawa, klorini ya kisima haidumu, kwani maji mapya huingia kila saa.

Kwa sababu hiyo naipendelea zaidi klorini ya kwenye ndoo. Mtu mmoja hukaa kisimani asubuhi mpaka jioni na bomba la sindano lisilo na sindano, akimtilia kila mchotaji dozi yake. Dozi hupatikana kwa kujaribu asubuhi: ndoo nne za lita 20, zitiwe mililita 1, 2, 3 na 4 za maji ya klorini ya asilimia 1, zingoje dakika 30, kisha zipimwe. Ile iliyobakisha kama miligramu 0.5 kwa lita ndiyo dozi ya siku hiyo. Ikinyesha mvua na maji yakawa na matope, yachujwe kwa kitambaa kwanza na dozi ijaribiwe upya. Nyumbani, wakati wa kunywa, isipungue 0.2. Ndoo bila ya mfuniko hupoteza klorini yake, na kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole hurudisha kile kilichoondolewa.

Juisi hukatazwa kwa sababu ya maji yasiyochemshwa na barafu isiyojulikana ilikotoka. Chakula kilichopikwa kikaliwa kingali moto hakina kosa hilo. Katazo linalovifagia vyote pamoja huwafanya wauzaji wajifiche, na aliyejificha huwezi kumkagua maji yake.

Msibani ndipo panapohitaji hekima kuliko mahali pengine. Maiti wa kipindupindu bado hutoa maji yenye vijidudu vingi, na waoshaji ndio wanaokuwa karibu naye. Haki zake zote za kuoshwa na kusaliwa zinabaki. Linalobadilika ni kwamba waoshaji ni wachache, wamevaa glavu na aproni, matundu yamezibwa kwa pamba iliyochovywa klorini ya asilimia 2, na maji ya josho yanakwenda shimoni, si uani. Klorini hiyo ni gramu 30 za unga wa asilimia 70 kwa lita moja. Ya sakafu na vyombo ni asilimia 0.5, gramu 7 kwa lita. Ya mikono ni 0.05, gramu 7 kwa lita 10. Zote ziwe mpya kila siku. Na aliyeosha maiti asipike chakula cha hitima. Mripuko uliokuwa unazimika umewahi kuwashwa tena na sinia moja mahali pengi duniani, na waliokula hutawanyika kwa boti na daladala kabla hawajaugua.

Nani anaamua? Wilaya inaruhusiwa kuchukua hatua kwa shaka tu. Kutamka kwamba ni mripuko ni kazi ya Wizara, kwa kauli ya Waziri, baada ya maabara kuthibitisha angalau mgonjwa mmoja aliyeambukizwa hapa hapa. Afya si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina Wizara yake na utaratibu wake wa dharura, lakini kwa mataifa Tanzania ni dola moja: chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, tukio lenye uzito hupimwa ndani ya saa 48, na likionekana linahusu nchi nyengine Shirika la Afya Duniani huarifiwa ndani ya saa 24 baada ya hapo. Ukimya uliouona kabla ya majibu ulikuwa na sababu, ila haukuwa lazima uwe ukimya mtupu. Ofisa anaweza kusema siku ya kwanza: "Kuna kuharisha kwa hatari, hatujui jina lake, majibu yanatarajiwa Alkhamisi, mpaka hapo tieni klorini." Maneno hayo hayavunji utaratibu wowote. Pasiposemwa kitu, uvumi huchukua nafasi.

Chanjo utaisikia pia. Pemba ina historia nayo: mwaka 2009 watu wa Mwambe, Kengeja na Shamiani, pamoja na Chumbuni, Karakana na Mtopepo kule Unguja, walipewa ya kunywa, na waliopata dozi mbili walikingwa kwa kiwango cha asilimia 79. Ni kinga nzuri, lakini huchukua kama wiki moja kufanya kazi, na shehena yake hupatikana kwa maombi ya kimataifa. Kisima hakiwezi kuingoja.

Usichukue hatua hizi ukazidhania za kila maradhi. Malaria Zanzibar hufuatwa mgonjwa mmoja mmoja mpaka nyumbani kwake tangu 2012, na wa nyumba yake hupimwa. Mtoto aliyepooza huchukuliwa choo mara mbili, kwa tofauti ya angalau saa 24, ndani ya siku 14, kwa kutafuta polio. Marburg, ile iliyoingia Kagera 2023, kila aliyemgusa mgonjwa huangaliwa siku 21, na mripuko hautangazwi kwisha mpaka zipite siku 42. Kipindupindu huhesabiwa kimekwisha zikipita wiki nne mfululizo ambazo kila anayeshukiwa anapimwa na hakutwi nacho. Kisima chenu kinaweza kufunguliwa mapema kuliko hapo, kama sampuli ya maji ni safi na choo au karo lililo karibu limeshughulikiwa. Mwombeni Sheha aulize majibu ya sampuli hiyo kwa maandishi. Shehia iliyotoa majina yake ina haki ya kuletewa majibu.

Kwenu walimu. Daftari la mahudhurio ni chombo cha ufuatiliaji ambacho kituo cha afya hakina, kwa sababu linamwona mtoto aliyebaki nyumbani. Asiyekuja, ulizeni sababu siku hiyo hiyo na muiandike pembeni ya jina. Kipimo ninachokushauri: watoto watatu wa darasa moja wanaoharisha katika siku mbili, au mmoja aliyelazwa kwa kuharisha maji, au kifo kimoja, simu ipigwe kwa Sheha na kituo cha afya kabla ya kengele ya mwisho. Nambari ya ofisa wa wilaya ibandikwe ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya masika kuanza. Msiandike jina la maradhi, andikeni mlichokiona:

"Leo Jumatatu, darasa la 3, watoto 4 hawakuja. Wote wanaharisha maji tangu Jumamosi. Watatu wanachota kisima kilicho nyuma ya msikiti, wa nne hatujui. Hakuna aliyefariki. Anayepatikana ni mwalimu wa darasa, kwa nambari hii."

Ofisa wa wilaya akipata ujumbe huo saa nne asubuhi, anaweza kuwa kisimani kwenu baada ya sala ya adhuhuri.